Mswaki wa mti: namna ya kuuchagua, kuuandaa na kuutumia bila kuumiza fizi

Kabla burashi za plastiki hazijajaa madukani, mswaki kilikuwa kijiti. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na hadi leo watu wa pwani na wa nyika huuita mti wenyewe hivyo hivyo: mswaki. Wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, Wasomali huuita caday, Waturkana esekon. Kwa hiyo mtu anayesema "nimepiga mswaki" huku ameshika plastiki yenye dawa ya mnanaa anautaja mti huo bila kukusudia.

Ni dawa ya asili ambayo mtu anaweza kuijaribu nyumbani leo hii na ikamfaa kweli, kwa sharti aelewe inafanyaje kazi. Kinachosafisha meno ni nyuzi za kijiti zinaposugua ukoga, yaani ule utando laini wenye bakteria unaojijenga upya juu ya meno kila siku. Maji ya mti husaidia: mzizi wake una benzili isothiosianeti, ambayo ni jamaa ya kile kinachoifanya haradali iwashe, na maabara zimeonyesha kwamba huua baadhi ya bakteria wa kinywani. Kuna tanini pia, inayokaza fizi kidogo, na silika, inayong'arisha. Lakini kazi kubwa ni ya mkono. Mtu anayekitafuna kijiti tu huku akipiga soga, kisha akakitupa, amepata harufu nzuri ya kinywa na ukoga wake ameuacha palepale.

Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya vijiti hivi katika miaka ya 1980, hasa mahali ambako ni desturi ya watu na burashi ni ghali. Tafiti zilizolinganisha mswaki wa mti na burashi ya kawaida zimeona mara nyingi kwamba anayejua kuutumia hasafishi vibaya kuliko mwenye burashi. Asiyejua hupata hasara mbili: meno ya nyuma hubaki machafu, na fizi za mbele huchubuka.

Kuuchagua

Sokoni vijiti huuzwa vya aina mbili, mizizi na matawi. Chukua mzizi ukiupata. Nyuzi zake ni laini zaidi na huachana kwa urahisi. Tawi ni gumu, na burashi yake huwa na ncha zinazochoma. Mzizi utautambua kwa kuwa hauna vifundo vya majani, na ganda lake ni la rangi ya udongo hafifu, na huambuka kwa kucha.

Unene uwe kama wa penseli. Chini ya nusu sentimita burashi haitakuwa na nyuzi za kutosha, na zaidi ya sentimita moja haitaingia nyuma ya mdomo, kwenye magego ya mwisho. Urefu wa sentimita 15 hadi 20 unatosha. Wauzaji wengine hukata vifupi ili fungu lionekane kubwa, na kijiti cha sentimita 8 hukosa pa kushika kikishapunguzwa mara mbili tatu.

Kisha kijaribu. Kipinde kidogo: kibichi hujikunja na kurudi, kikavu hulia na kupasuka. Kikwangue ganda kwa ukucha na ukinuse. Mswaki halisi una harufu kali kama figili iliyokatwa sasa hivi, na ukiugusisha ulimini unawasha kidogo. Kisicho na harufu wala ladha ama kimekaa mno juani mezani kwa muuzaji, ama ni mti mwingine kabisa. Ukiona madoa meusi au ya kijani kwenye ncha, au unga mweupe unaofutika kwa kidole, hiyo ni ukungu; usikichukue hata kwa bure.

Vile vinavyokuja kwenye pakiti za nailoni zisizo na hewa, vingi kutoka Pakistani, ambako mti huitwa peelu, hukaa vibichi kwa muda mrefu na ni safi. Angalia tarehe, na angalia kama pakiti imevimba. Ikivimba, kuna kitu kinachacha ndani.

Anayekaa penye mti wenyewe anaweza kuchimba. Ni kichaka cha kijani mwaka mzima, kinachopenda ardhi kavu na yenye chumvi, kingo za mito ya msimu na mbuga za nyika. Majani yake ni mazito, hukaa mawili mawili yakitazamana, na ukiyatafuna yanawasha kama haradali. Matunda ni madogo, yakiiva huwa mekundu au ya zambarau, na huliwa. Chimba upande mmoja tu wa shina, ukate mizizi ya pembeni iliyo nyembamba, uache mzizi mkuu, kisha urudishe udongo. Kichaka kilichochimbwa pande zote hukauka, na kikiwa ukingoni mwa mto hata ukingo wenyewe hubomoka.

Miti mingine hutumika pia na si vibaya. Mwarobaini ni maarufu, ni mchungu, na vitawi vyake vya kijani hutoa burashi ngumu kiasi; mate yake yatemwe, yasimezwe, na mjamzito auache kabisa. Mjafari na mzeituni mwitu wana wapenzi wao bara. Lakini usikate kitawi cha mti usioujua kwa kuwa tu unafanana. Mti wowote unaotoa utomvu mweupe kama maziwa ukikatwa, achana nao. Mnyaa, ule unaopandwa kuwa ua wa boma, utomvu wake huunguza midomo na ukiingia jichoni unaweza kuharibu macho. Na vichaka vya kando ya barabara au vya kingo za shamba lililopuliziwa dawa visiwe vya kinywani.

Kuuandaa

Kioshe kijiti chote kwa maji ya bomba na usugue udongo kwa vidole. Kata ncha ya mwanzo kama nusu sentimita, kwa kisu kikali na kwa mkato ulionyooka; ncha hiyo imeguswa na kila aliyepita sokoni. Kisha ambua ganda kuzunguka, kiasi cha sentimita moja, isizidi moja na nusu. Ganda likiachwa hapo huwa vipande vya kahawia vinavyokwama kati ya meno. Ukiambua ndefu zaidi, burashi itakuwa ndefu na teketeke, itajikunja badala ya kusugua.

Loweka ncha hiyo peke yake katika kikombe cha maji safi, kina cha sentimita mbili. Kijiti kibichi kinahitaji dakika 15 hivi. Kilichokauka kinaweza kuhitaji saa kadhaa, au usiku mmoja. Usikiache siku nzima na zaidi, na usikitumbukize chote: vile vitu vinavyowasha na kunukia huyeyukia kwenye maji, na utabaki na ukuni mtupu. Utaliona jambo hilo kwa macho, maji yakianza kuwa na rangi ya chai nyepesi. Maji ya moto huharakisha kulainisha, ila hupoteza ladha mapema. Ya vuguvugu yanatosha.

Sasa kitafune. Weka ncha kati ya magego, uikandamize polepole, uizungushe robo, uikandamize tena. Usiivute kwa meno ya mbele kama anayechuna muwa, kwa sababu meno ya mbele ni membamba na yaliyozibwa huweza kukatika. Baada ya dakika moja au mbili utaona nyuzi nyeupe zinaachana, kama nyuzi za katani zilizopondwa. Vipande vya kwanza vinavyojitenga viteme. Mate yatakuwa mengi na ulimi utawaka kidogo. Hali hiyo hupungua baada ya dakika. Anayeona mwasho ni mwingi mno asuuze burashi katika maji kisha aanze.

Burashi iko tayari nyuzi zikiwa na urefu wa nusu sentimita hadi moja, zimetanuka kama kofia ya uyoga, na ukizigusisha kwenye mdomo wa ndani hazichomi. Kama kuna uzi mmoja mnene unaochomoza, uukate kwa mkasi au kikata kucha. Uzi huo mmoja ndio unaochana fizi za watu, kisha lawama akabebeshwa mswaki mzima.

Kupiga mswaki wenyewe

Mshiko una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ule uliozoeleka kwa Waislamu ni huu: kidole gumba karibu na burashi na kidole kidogo upande wa mwisho vikae chini ya kijiti, na vidole vitatu vya katikati vikae juu. Hata asiye Mwislamu aushike hivyo, kwa sababu ya kiufundi: vidole havina nguvu ya kuumiza. Ukikishika kijiti kwa ngumi, nguvu ya mkono mzima hufika kwenye ufizi. Kupima nguvu, bonyeza burashi juu ya ukucha wa gumba la mkono wa pili. Pale ukucha unapoanza kugeuka mweupe ndipo mwisho wako. Kinywani ishia hapo au chini yake.

Yagawe meno 32 katika sehemu sita: juu kulia, juu mbele, juu kushoto, na chini vivyo hivyo. Kila sehemu ipe karibu dakika moja, nje na ndani. Jumla ni kama dakika sita. Ni ndefu kuliko burashi ya kawaida kwa kuwa kichwa cha mswaki wa mti ni kidogo na hugusa jino moja au mawili kwa wakati.

Mwendo uwe wa wima. Meno ya juu, toka ufizi ushuke. Ya chini, toka ufizi uende juu. Elekeza nyuzi pale jino linapokutana na ufizi, zikiwa zimelala nusu nusu, zisisimame kama msumari. Ukoga hukaa hapo mpakani zaidi ya mahali pengine. Sugua jino moja mara tano au sita, nenda la pili. Msumeno wa kulia na kushoto, ambao ndio mkono hupenda kuufanya wenyewe, huchimba mfuo shingoni mwa jino baada ya miaka, na jino hilo huanza kuingia ganzi kwa maji baridi.

Sehemu ngumu ni upande wa ndani. Burashi ya plastiki ina nywele zinazotazama pembeni. Nyuzi za mswaki zinatazama mbele, kwenye mstari wa kijiti. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na ndiyo sababu wanaotumia mswaki wa mti kwa miaka huwa na meno ya mbele yanayong'aa huku nyuma ya meno ya chini kumejenga ukoga mgumu kama chokaa. Suluhisho ni kubadilisha mlango wa kuingilia. Ukitaka kusafisha upande wa ndani wa magego ya kulia, ingiza kijiti kwa pembe ya kushoto ya mdomo, kipite juu ya ulimi, na ncha itakutana na magego hayo uso kwa uso. Ya kushoto, ingilia kulia. Ndani ya meno ya mbele ya chini, kisimamishe kijiti karibu wima, mkono ukiwa juu na ncha ikitazama chini, uvute kutoka ufizini kuja juu. Ya mbele ya juu, kinyume chake. Mwanzo utajisikia mzito, na kioo kitasaidia sana juma la kwanza.

Kwa upande wa nje wa magego, fumba mdomo nusu. Shavu likilegea kijiti kinapata nafasi. Ukipanua mdomo sana shavu linakaza na kukizuia. Hapa unatumia ubavu wa burashi, kwa hiyo ibonyeze kidogo na kidole kwanza ili iwe bapa.

Malizia kwa sehemu ya kutafunia, halafu ulimi: pitisha ubavu wa burashi kutoka nyuma kuja mbele mara tatu au nne, bila kufika kooni. Teme, sukutua kwa maji, kisha pitisha ulimi juu ya meno yote. Jino safi huteleza kama sahani ya kauri iliyooshwa. Penye ukoga panakwaruza kama kitambaa, rudi hapo.

Kuna kipimo kizuri zaidi, cha kufanya mara moja mwanzoni na tena baada ya wiki mbili. Chukua matone matatu ya rangi ya chakula, nyekundu au ya bluu, katika kijiko cha maji. Paka midomo mafuta ya mgando ili isishike rangi, na vaa nguo usiyoijali. Piga mswaki kama kawaida, kisha pakaza rangi kwenye meno kwa pamba ya kijiti, ngoja nusu dakika, sukutua mara moja. Mahali palipobaki na rangi ndipo ukoga ulipobaki. Karibu kila mtu hupata mstari ule ule: ndani ya meno ya chini, na nje ya magego ya juu.

Yanayoharibika, na kwa nini

Damu kidogo siku za kwanza si ajabu. Ufizi uliovimba kwa sababu ya ukoga hutoka damu ukiguswa, na ukoga ukiisha damu hupungua, mara nyingi ndani ya siku saba hadi kumi. Kosa ni kuacha kusafisha hapo kwa hofu, kwa sababu ukoga hubaki na uvimbe huendelea. Endelea kwa upole. Ikifika wiki mbili na damu bado ipo, tatizo si la mswaki. Huenda kuna ukoga mgumu chini ya ufizi, na huo hautoki kwa kijiti wala kwa burashi yoyote, unaondolewa na mtaalamu kwa vyombo.

Ufizi kushuka ni jambo jingine. Jino huonekana refu, hasa chonge na meno ya mbele ya chini, na shingo yake ya manjano huonekana. Hii hutokana na nguvu, mwendo wa msumeno, au burashi ngumu iliyotumika ikiwa imekauka. Ufizi ulioshuka haurudi wenyewe. Ukiliona jambo hili linaanza, badilisha mshiko siku hiyo hiyo na loweka kijiti kabla ya kila matumizi.

Uzi wa kijiti ukivunjika na kukwama kati ya meno, utoe kwa uzi wa meno, siyo kwa sindano wala pini. Ukiachwa siku mbili tatu ufizi hapo huvimba na kuuma kama jino limeoza. Kwa ujumla, katikati ya jino na jino mswaki wa mti haufiki, kama ambavyo burashi haifiki. Uzi wa meno mara moja kwa siku unabaki kuwa wa lazima.

Halafu kuna viongezi. Wapo wanaochovya mswaki katika majimaji ya ndimu, mkaa uliosagwa, majivu au chumvi kavu ili meno yawe meupe. Ndimu ni asidi: hulainisha enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, na nyuzi zinapopita juu yake huiondoa kidogo kidogo, na enameli haioti tena. Mkaa na majivu hukwangua kama msasa. Weupe wa wiki ya kwanza ni wa enameli iliyokwanguliwa. Baadaye rangi ya manjano ya chini hujitokeza na meno huwa na ganzi. Kwa sababu hiyo hiyo, baada ya embe mbichi, ukwaju, ndimu au soda, suuza kwa maji na usubiri dakika 30 kabla ya kupiga mswaki wa aina yoyote.

Wenye meno ya kahawia waliokulia Arusha, Meru, au sehemu za Bonde la Ufa nchini Kenya wajue kwamba madoa yale si uchafu. Yametokana na floraidi nyingi ya maji walipokuwa watoto, meno yakiwa bado ndani ya taya. Yamo ndani ya enameli, na kusugua hakutayatoa hata ukimaliza msitu.

Usiku yape meno dawa yenye floraidi

Hili tunalisema bila kupunguza. Mswaki wa mti una floraidi, lakini kiasi chake ni kidogo mno kuzuia meno kuoza kwa mtu anayekula sukari, na siku hizi sote tunakula sukari. Mpango unaofaa watu wengi ni huu: mswaki wa mti asubuhi, mchana baada ya chakula, na kila unapoutaka; usiku kabla ya kulala, burashi na dawa ya meno yenye floraidi ya ppm (sehemu kwa kila milioni) 1,000 hadi 1,500, kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Teme povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki inafanya kazi ukiwa umelala. Asiyependa burashi anaweza kuipaka dawa hiyo juu ya nyuzi za mswaki wa mti. Hakuna kinachogombana hapo.

Watoto chini ya miaka sita wasipewe kijiti. Hutembea nacho mdomoni, huanguka, na kijiti kinaweza kuwachoma kaakaa au koo. Watumie burashi ndogo: dawa kama punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, kama punje ya njegere kwa wa mitatu hadi sita, mzazi akishika mkono wao.

Wakati wa Ramadhani mswaki hutumika zaidi ya miezi yote. Wafuasi wa Imamu Shafii, ambao ndio wengi pwani yetu, wakiwa wamefunga huuacha baada ya jua kupinduka. Kwa afya ya meno, nyakati mbili zenye uzito ni baada ya daku, ili tende na uji visibaki mdomoni mchana kutwa wakati mate ni machache, na kabla ya kulala baada ya futari na vitafunio vyake.

Kuutunza

Baada ya kutumia, suuza nyuzi, zikamue kwa vidole na usimamishe kijiti ndani ya bilauri, burashi juu, penye hewa. Si chooni, na si kwenye mfuko wa kanzu au suruali pamoja na sarafu na funguo. Ukilazimika kutembea nacho, tafuta kifuniko chenye matundu. Kile kilichozibwa kabisa hufanya nyuzi zitoe harufu kufikia jioni.

Nyuzi zilizotumika hupoteza ukali haraka. Anayeweza, akate ncha kila baada ya saa 24 na aandae mpya. Wengi hukata kila siku ya pili au ya tatu, na hapo ndipo mpaka. Kata mapema zaidi nyuzi zikigeuka za kijivu, zikilala upande mmoja, au ladha ikiisha. Kijiti cha sentimita 18 kikikatwa sentimita moja kila siku mbili hukaa karibu wiki tatu, kisha kipande cha mwisho hakishikiki tena. Vijiti vya akiba vifunge kwa kitambaa kikavu ndani ya friji.

Na kila mtu awe na wake, hata mume na mke, hata mama na mtoto. Nyuzi hushika damu isiyoonekana, na homa ya ini ya B husambazwa kwa damu.

Chumvi na karafuu

Vitu viwili vya jikoni huenda vizuri na mswaki. Maji ya chumvi hutuliza ufizi uliochubuka: nusu kijiko cha chai katika glasi ya maji ya vuguvugu ya mililita 250, sukutua nusu dakika, teme, mara mbili au tatu kwa siku kwa siku chache. Ukiwa umeng'olewa jino, subiri saa 24 kwanza, maana kusukutua mapema hung'oa damu iliyoganda inayofunika tundu.

Karafuu hutia ganzi jino linalouma kwa sababu ya yujenoli iliyomo. Weka punje moja nzima kando ya jino, uibane polepole, na uitoe baada ya dakika chache, usilale nayo. Mafuta yake ni makali zaidi na huunguza ufizi yakimwagwa moja kwa moja, kama ambavyo aspirini inayowekwa juu ya jino huacha kidonda cheupe. Na ganzi ya karafuu ni ya kukuvusha usiku tu. Tundu linaendelea kuchimba.

Usingoje dawa ya nyumbani ifanye kazi ukiwa na uso uliovimba, homa, usaha, mdomo usiofunguka au shida ya kumeza. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kidonda au doa jeupe au jekundu kinywani lililopita wiki mbili lionwe, hata kama haliumi, na vivyo hivyo jino la mtu mzima linalotikisika. Ukienda kliniki ya meno, chukua na kijiti chako, umwonyeshe daktari unavyokishika na unavyosugua mbele ya kioo. Atakuonyesha mahali unapokosea haraka kuliko maelezo yoyote ya maandishi.